Maji ya Kihansi: Umeme, Chura na Haki

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Ilipotangazwa kwamba mada ya asubuhi hii itahusu chura, baadhi yenu mlicheka, nasi hatukushangaa. Tume ya Haki na Amani imezoeleka kwa habari za migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane, rushwa na uchaguzi. Chura anaingiaje hapo? Tunaomba mtuvumilie tuyaeleze mambo yalivyotokea, maana ndani yake mtayakuta maswali yale yale tunayoulizana kila mwaka: nani aliamua, nani aliulizwa, nani alilipa gharama, na ukweli ulijulikana lini. Tena ni habari ya kwetu, hatukuiagiza ng'ambo. Wengi wenu mmewahi kuisikia nusu nusu, kwa mzaha, barazani au ndani ya basi.

Mto Kihansi huanzia katika nyanda za juu za Udzungwa, upande wa Mufindi na Kilolo, penye baridi na mashamba ya chai na mahindi. Ukifika kwenye ukingo wa milima, mto huo huanguka. Katika mwendo wa kilometa chache tu maji hushuka takriban mita 850, maporomoko baada ya maporomoko, mpaka yanapofika bonde la Kilombero karibu na Mlimba, ambako reli ya TAZARA inapita. Na kutoka hapo huelekea Rufiji na bahari. Kabla ya bwawa kujengwa, mto ulipitisha kwa wastani mita za ujazo zipatazo 16 kila sekunde. Maji hayo yakipiga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi, na upepo uliozaliwa na maporomoko yenyewe uliyasukuma manyunyu hayo hadi kwenye miteremko ya kando. Hapo paliota majani mafupi yaliyotanda juu ya mawe kama zulia, yasiyokauka mwaka mzima. Sehemu zote zilizolowa namna hiyo, ukizijumlisha, zilikuwa hekta mbili hivi. Shamba la mtu mmoja wa kawaida linaweza kuwa kubwa kuliko hapo.

Katika hekta hizo mbili, na si mahali pengine popote duniani, aliishi chura wa Kihansi. Jike, ambaye ndiye mkubwa, hafikii urefu wa sentimita tatu; dume ni mdogo zaidi. Rangi yake ni manjano kama dhahabu. Hatagi mayai majini wala hana viluwiluwi. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa tayari vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya hindi. Vyura wa ukoo huu wanaozaa namna hii hupatikana Tanzania tu. Wataalamu waliomwandika mwaka 1998, akiwamo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimpa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis. Wazee wetu waliowahi kuhudumu Misa ya Kilatini watalitambua neno la pili: ni la shina moja na Asperges, tendo la padre kunyunyizia waamini maji ya baraka. Maana yake ni chura wa manyunyu, na hakika hakuna jina ambalo lingemfaa zaidi.

Tugeukie upande wa umeme, na tuutendee haki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ukame ulishusha maji katika bwawa la Mtera, mitambo ya Kidatu ikapungukiwa, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Waliokuwapo wanakumbuka: viwanda vilisimama, hospitali zilitegemea jenereta, mashine za kusaga zilinyamaza, na wanawake walirudi na mahindi yao kichwani. Waliotafuta mahali pengine pa kuzalisha umeme hawakuwa watu wabaya. Waliuona Kihansi, mto unaotiririka mwaka mzima na kuanguka kwa kasi kubwa, wakaona ni zawadi. Kwa kuwa maji yanashuka sana, halikuhitajika ziwa kubwa kama la Mtera. Ukuta mdogo wa kuyakinga maji na kuyaingiza katika handaki ulitosha, na mitambo ikafichwa ndani ya mlima. Bwawa lilifunika hekta chache tu. Katika karatasi, Kihansi ulikuwa miongoni mwa miradi ya bwawa yenye madhara madogo kabisa ambayo mtu angeweza kuitamani. Benki ya Dunia, Norwei, Uswidi, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilitoa fedha, na ujenzi ukaanza katikati ya miaka ya tisini. Uwezo wa mitambo yake mitatu ni megawati 180.

Hapa ndipo tunapowaomba mtulie kidogo. Madhara ya mradi yalipimwa kwa kuangalia mahali maji yatakapojaa, yaani bwawani. Mahali ambapo maji yatakosekana hapakuangaliwa kwa uzito uleule. Kati ya ukuta wa bwawa na pale maji yanapotoka mlimani tena baada ya kuzungusha mitambo, kuna korongo lenye miteremko mikali ambalo lilikuwa linakaribia kunyang'anywa mto wake. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haikulifikia korongo hilo. Tathmini za mazingira zilizotangulia ujenzi hazikumgundua chura huyu. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mikataba imekwisha kutiwa sahihi na mashine ziko kazini. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, ambao unazitaka nchi kupima madhara ya miradi yao kwa viumbe hai. Basi nchi ikajikuta ina ahadi mkononi na mradi mlangoni, na vyote viwili haviwezi kupita pamoja bila kusukumana.

Mitambo ilianza kufanya kazi mwishoni mwa 1999 na kukamilika mwaka 2000. Maji yalipogeuzwa, korongo lilibaki na sehemu moja tu kati ya kumi ya mto wake. Manyunyu yalikatika. Zulia la majani lilianza kukauka, magugu ya nchi kavu yakaingia, na vyura wakajibanza katika vipande vichache vilivyobaki na unyevu. Novemba 2000, kwa makubaliano na serikali, vyura wapatao 500 walikamatwa na kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili kama hali ikiwa mbaya zaidi, pawe na mbegu. Mwaka uliofuata, mabomba yenye vinyunyizio yalifungwa katika korongo ili kuiga kazi iliyofanywa bure na maporomoko tangu zamani za kale.

Habari ya vyura kupanda ndege ilizua kicheko nchi nzima, na nyuma ya kicheko ilikuwapo hasira. Watu waliuliza: sisi hatujawahi kupanda ndege, chura anakwenda Marekani? Zahanati yetu haina dawa, chura anajengewa mabomba? Hatutawabeza waliouliza hivyo, maana ni maswali ya haki. Lakini tunadhani walikuwa wakiangalia upande usio wenyewe. Fedha zile hazikutumika kwa sababu chura ana thamani kuliko mtoto mgonjwa. Zilitumika kwa sababu uchunguzi uliopaswa kufanyika kabla ya kuchora ramani ya handaki ulifanyika baada ya handaki kuchimbwa. Watu wachache wenye viatu vya kupandia milima, wakipewa misimu miwili ya kulikagua korongo, wangegharimu sehemu ndogo sana ya kilichokuja kutumika. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kihansi ukuta ulijengwa, na ufa ukabaki palepale.

Kwa muda ilionekana kwamba vinyunyizio vimeleta nafuu. Majani yalirudi, na mwezi Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakaanguka. Januari 2004 wataalamu waliopekua korongo waliona watatu tu. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi, ambao umeua vyura katika mabara mengi, ulikutwa katika mizoga. Na katikati ya mwaka 2003 bwawa lilikuwa limefunguliwa ili kusafisha tope, hata wengine wakahofia dawa za kilimo zilizotoka mashambani nyanda za juu na kutuama katika tope hilo. Wataalamu hawajakubaliana ni kipi kilikuwa na uzito zaidi. Kwetu sisi linatosha jambo moja: kiumbe aliyekuwa na hekta mbili tu hana pa kukimbilia. Ugonjwa ambao chura wa kawaida angeupisha kwa kuhamia bonde jingine, huyu ulimkuta nyumbani, na nyumba yenyewe ilikuwa inaendeshwa kwa mabomba. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulitangaza kwamba ametoweka porini.

Huko Marekani nako hali ilikuwa ngumu kwa miaka. Walikufa kwa minyoo, kwa mwanga usiofaa, kwa chakula kisichofaa, hata ikafika wakati ambapo vyura wote wa Kihansi waliosalia duniani hawakufika mia moja. Watunzaji wa Bronx na wa Toledo, katika jimbo la Ohio, walijifunza polepole, na wale wachache wakaongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani na kuwekwa katika maabara maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wapatao 2,000 waliachiwa katika korongo lao. Inasemekana ilikuwa mara ya kwanza kwa mnyama wa jamii ya vyura, aliyetangazwa kutoweka porini, kurudishwa pale alipotoka. Kazi haikuishia siku hiyo. Ilibidi kuachia wengine tena na tena. Na vinyunyizio vinahitaji mtu wa kuvizibua vinapoziba. Riziki ya viumbe hawa, ambayo zamani haikumdai mtu yeyote kitu, sasa inategemea fundi afike kwa wakati na fedha za kumlipa ziwepo katika bajeti.

Tukiwa hapo, hatupendi muondoke mkidhani kwamba uchaguzi ni mwepesi. Ni rahisi kwa sisi tunaokaa mjini na kuwasha taa kusema maji yaachwe. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi, mita moja ya ujazo ikishuka mita 850 kila sekunde hutoa kiasi cha megawati saba. Ukiacha mita mbili zipite korongoni, umeacha megawati kumi na nne au kumi na tano. Katika miaka ya ukame kama 2006, mgawo ulipotukumba tena, megawati hizo zilikuwa na maana kwa wodi ya wazazi na kwa kinyozi wa kijijini vilevile. Anayedai maji kwa ajili ya korongo sharti aitaje gharama hiyo kwa sauti. Tofauti yetu na wenye kudharau ni hii: tunasema gharama hiyo ingejulikana tangu mwanzo, ingewekwa katika hesabu ya mradi kama inavyowekwa bei ya saruji na nondo, na mitambo ingepangwa kwa maji yanayobaki baada ya mto kupewa sehemu yake. Hapo pasingekuwa na ugomvi kati ya chura na taa. Ugomvi huzaliwa pale ambapo maji yote yamekwisha kuuzwa katika karatasi, kisha anatokea mwenye haki ambaye hakuandikwa.

Mtu anaweza kutuuliza, kama tulivyokwisha kuulizwa katika semina nyingine: chura huyu ana faida gani? Tungeweza kujibu kwamba hula wadudu, au kwamba huenda siku moja dawa itapatikana katika ngozi yake. Hatupendi kujibu hivyo. Jibu la namna hiyo linakubali kwamba kisicho na faida kinaweza kufutwa, na walei wanaotembelea wagonjwa wa muda mrefu na wazee wasio na watoto wanajua fikra hiyo inafikia wapi. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya Januari 1990, aliiweka heshima kwa uumbaji ndani ya suala la amani. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aligusa hata suala la tathmini ya mazingira, akifundisha kwamba isije nyuma ya mpango wa biashara uliokwisha kukamilika, na kwamba wenyeji wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo. Anayeujua mkasa wa Kihansi akisoma sehemu hiyo atadhani iliandikwa kwa ajili ya mto huo.

Tena korongo halikuwa la chura peke yake. Mwaka 2004 wanasayansi waliandika aina ya mbuni wa porini iliyopatikana huko, wakaupa jina la Kihansi. Nchi inayouza kahawa ilikuwa karibu kuukausha mbuni wake yenyewe kabla ya kuupa jina.

Mambo kadhaa yamebadilika tangu wakati ule, na ni wajibu wetu kuyajua. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu kuwa ya kwanza katika mgawanyo wa maji, na mazingira yakawa ya pili, mbele ya matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla mradi haujaanza, na wananchi washirikishwe. Na inaunda kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Hayo yote yameandikwa. Lakini ninyi ni viongozi, mnajua umbali uliopo kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka. Mara ngapi mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, umeitishwa jioni kwa haraka ili kupitisha jambo lililokwisha kuamuliwa? Mara ngapi ripoti nene imeletwa kwa lugha ambayo hata mtendaji wa kijiji haisomi? Mahudhurio yakisainiwa, huandikwa kwamba wananchi walishirikishwa.

Kwa hiyo, mahali mnapoishi, mradi wa barabara, wa skimu ya umwagiliaji, wa machimbo au wa bwawa dogo unapokuja, msingoje mtaalamu wa kuwasemea. Simameni mkutanoni na kuomba muhtasari wa tathmini kwa Kiswahili. Ulizeni maji yatachukuliwa wapi na yatarudishwa wapi, na katikati hapo kuna nini. Ulizeni waliopima walikuja mwezi gani, maana mto wa Aprili na mto wa Oktoba ni mito miwili. Waiteni wawindaji wa zamani, wachuma uyoga, waganga wa miti shamba na wavulana wanaochunga ng'ombe. Hao hupita mahali ambapo gari la mradi halifiki, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Na msikwepe kuulizana wenyewe kwa wenyewe kuhusu dawa tunazonyunyizia mashambani na tunapooshea mabomba yake, kwa sababu aliye bondeni hunywa kinachotoka kwetu, awe mtu au chura.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi kufuatana na dekania. Kila kikundi kichague mto au chemchemi moja ambayo wajumbe wake wanaifahamu kwa miguu yao, kiandike ni nani wanaoitumia kutoka juu mpaka chini, wakiwamo wasioweza kuhudhuria mkutano, na kitaje mradi wowote unaosemwa kwamba unakuja. Karatasi na kalamu ziko kwa katibu, pale mlangoni. Tutarudi hapa ukumbini saa sita kamili kusikiliza taarifa zenu, na mheshimiwa mwenyekiti ameomba kila kikundi kisizidishe dakika kumi.